Saa Ndani ya Modemu: Nani Anamfuata Nani?

    Wasikilizaji wapenzi, kama kuna aliye jikoni, apunguze moto kidogo asogee karibu, maana mada ya leo inataka sikio.

Leo tunazungumza habari za saa. Si saa ya mkononi wala ya ukutani. Ni saa iliyomo ndani ya modemu ya setilaiti. Wengi mmeliona dishi juu ya paa la benki, la hospitali ya wilaya au la ofisi ya mgodi. Kutoka kwenye dishi hilo unashuka waya, na waya huo unaingia chumbani kwenye sanduku lenye taa zinazomemeteka. Sanduku hilo ndilo modemu. Linachukua barua, simu na miamala yenu, linavigeuza kuwa mawimbi ya kwenda angani. Na yale yanayorudi linayageuza yakawa kitu kinachosomeka.

Mtaniuliza: modemu na saa, wapi na wapi? Swali zuri. Jibu langu ni moja: mawasiliano ya setilaiti ni makubaliano ya wakati. Dishi liwe kubwa kiasi gani, umeme uwe wa uhakika kiasi gani, kama pande mbili hazijakubaliana biti inaanzia wapi na kuishia wapi, hakuna kitakachopita salama. Na makubaliano hayo yana sharti lake. Lazima mmoja aongoze, wengine wafuate.

Tuanze na umbali. Wenye umri wao wanazikumbuka simu za ng'ambo za zamani. Unasema, "Hallo, unanisikia?" Kimya. Unadhani hakusikia, unarudia, na jibu lake la kwanza linakuja kugongana na swali lako la pili. Mnaishia kupigiana kelele na dakika za kulipia zinakwenda. Wakenya walikuwa na kituo chao cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka 1970. Dar es Salaam tulikuwa na kituo cha Mwenge. Madishi makubwa yale yalielekezwa kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa nini huko mbali kote? Kwa sababu katika umbali huo setilaiti huzunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha yenyewe, hivyo ukiwa chini unaiona imesimama mahali pamoja. Dishi ukishalielekeza, umemaliza.

Lakini umbali una bei yake. Mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kitu duniani kinachoyapita mbio. Hata hivyo, kupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka kunachukua robo ya sekunde. Ukiuliza na ukajibiwa, ni nusu sekunde. Ile "hallo" ya simu ya zamani ilichelewa kwa sababu hiyo, na haikuwa kosa la opereta, ingawa ndiye aliyetukanwa.

Hata sisi watu wa redio tumo humo. Vituo vingi hupeleka matangazo yao mikoani kwa setilaiti. Kwa hiyo ule mlio wa saa mbili kamili usiku, ukiusikiliza kupitia mtambo wa mkoani, umeshachelewa robo sekunde na ushei. Kwa anayesubiri taarifa ya habari, haidhuru. Kwa modemu, wakati ukipishana hata kwa kiasi kidogo kuliko hicho, inadhuru sana.

Inadhuru kwa sababu gani? Chukua mkondo wa kawaida wa simu, ule ambao mafundi huuita E1. Unapitisha biti 2,048,000 kila sekunde, moja nyuma ya nyingine, na biti hizo hazina alama ya kusema "mimi ni ya kwanza" au "mimi ni ya pili". Anayepokea anazijua kwa wakati zilipofika, basi. Kwa hiyo anayetuma ana saa ya kumwambia "toa, toa, toa", na mtambo unaopokea una saa ya kuuambia "soma, soma, soma". Sasa saa hizo mbili zikiwa hazilingani?

Kwanza tujue saa yenyewe ni kitu gani. Ndani ya modemu kuna kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi. Ukikipa umeme kinatetemeka kwa mapigo yaliyo karibu sawasawa. Ndicho hichohicho kilichomo katika saa ya mkononi ya betri, isipokuwa cha mkononi hupiga mara 32,768 kwa sekunde, na masafa ya rejea yanayotumika kwenye mitambo ya setilaiti ni mapigo milioni 10 kwa sekunde. Fuwele ina tabia mbili mbaya: inabadilika kwa joto, na inazeeka. Ndiyo maana fuwele za bei hufungiwa ndani ya kijitanuri kidogo cha umeme ili joto lake lisipande wala kushuka. Juu ya hapo kuna saa za rubidiamu, na juu kabisa kuna saa za sesiamu. Saa ya sesiamu ya kwanza kufanya kazi kwa uhakika ilitengenezwa na Louis Essen na Jack Parry, Teddington, Uingereza, mwaka 1955, na tangu mwaka 1967 dunia nzima imekubaliana kwamba sekunde moja ni mapigo 9,192,631,770 ya atomu ya sesiamu. Msihangaike kuikariri. Ninaitaja ili mjue kwamba hata sekunde ni kitu ambacho watu walikaa wakakubaliana.

Turudi kwenye zile saa mbili zisizolingana. Tuseme zimepishana kwa sehemu moja tu katika milioni. Ni kidogo au ni kikubwa? Saa ya ukutani yenye kosa hilo itachelewa sekunde moja baada ya siku kumi na moja na nusu hivi. Hakuna mtu atakayeigombeza. Lakini katika mkondo wa biti milioni mbili kwa sekunde, kosa hilo ni biti mbili kila sekunde zinazozidi au kupungua. Zinakwenda wapi?

Hapa kuna kifaa kinachoitwa bafa. Fikiria pipa la maji lenye bomba la kuingiza juu na bomba la kutoa chini. Biti zinazotoka angani zinaingia kwa kasi ya aliyetuma, na zinatoka kwa kasi ya saa ya mtambo wa upande wako. Kasi zikilingana, pipa linakaa nusu siku zote, na hakuna anayejua kama lipo. Zikipishana hata kwa tone, pipa ama litafurika ama litakauka. Ni suala la muda tu. Na likifurika au likikauka, modemu haina hila: inatupa furushi zima la biti, au inarudia lililokwisha kusomwa, kisha inarudisha pipa nusu na kuanza upya. Mafundi wanasema saa imeteleza.

Kwa hesabu yetu ya kosa la moja katika milioni, fremu moja ya E1, ambayo ni biti 256, itapotea kila baada ya dakika mbili hivi. Ukiwa na pipa kubwa zaidi, kuteleza kutakuja mara chache zaidi, lakini kila kukija kutabeba kingi zaidi. Kwenye simu ya sauti utasikia mlio mdogo, "tik", ukaendelea na maongezi. Kwenye mawasiliano yanayopitia mitambo ya siri, kama ya benki, mtambo unaweza kupoteza mpangilio wake wote na kulazimika kuanza salamu upya na mwenzake. Mteja yuko mbele ya mashine ya fedha, kadi imeshaingia, na mashine inasema subiri.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa mafundi na wakubwa wa ofisi, maana hiki ndicho kilichonileta leo. Hitilafu ya saa ina ratiba. Mvua haina ratiba. Mvua inakuja, mawimbi yanadhoofika, inaondoka, yanarudi. Waya uliolegea hauna ratiba. Upepo ukivuma unasumbua, upepo ukitulia unatulia. Lakini saa mbili zisizolingana zitakupa hitilafu leo saa nne na dakika kumi, halafu saa nne na dakika kumi na mbili, halafu na kumi na nne, jua liwake au mvua inyeshe. Ishara ya dishi inaonekana nzuri. Kipimo cha nguvu kinasema sawa. Na bado laini inakatika, kwa mpangilio, kama mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Na inakuwaje basi? Fundi anapanda juu ya paa. Anazungusha dishi. Anabadilisha LNB, kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi. Anabadilisha waya. Ofisi inalipa. Laini inakatika tena baada ya dakika mbili. Nimewaona mafundi hodari, watu wenye mikono ya dhahabu, wakipoteza siku nzima juu ya paa kwa tatizo lililokuwa chini mezani, kwenye mstari mmoja wa menyu ya modemu.

Mstari huo unauliza: saa yako inatoka wapi? Kwa kawaida modemu inakubali majibu matatu. Ama inatumia saa yake ya ndani. Ama inatumia saa ya nje, inayoletwa kwa waya kutoka mtambo wa simu au kutoka saa kuu ya jengo. Ama inachukua mapigo kutoka kwenye mawimbi yenyewe yanayotoka angani, yaani inafuata saa ya upande wa pili. Kosa la kwanza ni kuweka pande zote mbili kwenye saa ya ndani. Hapo mna viongozi wawili, kila mmoja na mapigo yake, na pipa litafurika tu. Kosa la pili linachekesha zaidi: pande zote mbili zinawekwa kufuata saa ya mwenzake. Huyu anamfuata yule, yule anamfuata huyu, na hakuna anayeongoza. Modemu zitaonekana zimeshikana, lakini mapigo yao kwa pamoja yatapotea taratibu kuelekea kusikojulikana, mpaka siku zitakapoachana.

Jibu sahihi ni lipi? Mmoja aongoze, mwingine afuate. Kwa kawaida anaongoza aliye na saa bora, kwa mfano makao makuu yenye saa ya rubidiamu au kipokezi cha GPS, na tawi la mbali linachukua saa kutoka angani. Ni jambo la dakika tano. Lakini dakika tano hizo zinataka mtu aliyeuliza swali.

Je, haiwezekani pande zote mbili kuwa na saa bora kabisa, kila mtu na yake? Inawezekana, na mitambo mikubwa ya simu kati ya nchi na nchi ilijengwa hivyo. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, liliweka kiwango cha saa za mitambo hiyo kikali mno, kiasi kwamba mbili zikikutana kuteleza kunatarajiwa kusizidi mara moja katika siku 70. Kwa saa za sesiamu, sawa. Lakini nani atanunua sesiamu kwa ajili ya zahanati? Ni rahisi kumfuata mwenye nayo.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wazoefu. Nilisema setilaiti inaonekana imesimama. Inaonekana. Kwa kweli mvuto wa jua na mwezi unaivutavuta, na wanaoiendesha wanaisukuma kwa injini ndogo ili isitoke kwenye eneo lake, ambalo upana wake ni makumi ya kilomita. Ndani ya eneo hilo inapanda na kushuka kila siku. Maana yake njia kati yako na mwenzako inarefuka nusu ya siku na kufupika nusu nyingine. Njia ikifupika, biti zinafika kwa kasi kidogo kuliko zilivyotumwa. Ikirefuka, zinafika taratibu. Saa zenu ziwe kamili kama malaika, mtambo wa simu unaosubiri biti hizo upande wako bado utaona mwendo unapanda na kushuka.

Ndiyo maana bafa haikuwekwa kama pambo. Ukubwa wake uwe wa kutosha kumeza mabadiliko ya siku nzima. Ukiwa mdogo, utapata hitilafu yenye ratiba ya namna nyingine: si ya kila dakika mbili, ni ya kila siku, saa zilezile. Na setilaiti ikizeeka, waendeshaji huanza kubana mafuta, wakaiacha iyumbe kaskazini na kusini zaidi ya ilivyokuwa. Laini iliyofanya kazi miaka kumi inaanza kuteleza, na hapa chini hakuna aliyegusa kitu. Msiwashuku walinzi. Ongezeni bafa. Ila msiongeze kupita kiasi, kwa sababu kila biti inayosubiri ndani ya bafa inaongeza ucheleweshaji juu ya ile robo sekunde mliyonayo tayari.

Mpaka hapa tumezungumza habari ya wawili. Je, wakiwa mia tatu? Mifumo mingi ya VSAT, yaani vituo vya madishi madogo, inayohudumia matawi, shule na mashine za fedha inawafanya wote watumie masafa yaleyale kwa zamu. Kila kituo kinapewa kipande chake cha muda, kinarusha haraka, kinanyamaza, mwingine anaingia. Hapa saa inaamua wangapi watapata nafasi.

Ushahidi? Upo mzuri, na unatoka visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa redio, wakauita mtandao wao ALOHA. Kanuni yao ilikuwa ya kiungwana: mwenye la kusema aseme, mkigongana, kila mmoja asubiri kidogo kwa kubahatisha, kisha arudie. Hesabu zikaonyesha kwamba kwa njia hiyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni asilimia 18 tu ya uwezo wa masafa inayotumika. Mengine yote yanaishia kwenye kugongana na kwenye ukimya. Mwaka 1972 Lawrence Roberts, aliyesimamia ujenzi wa mtandao wa kompyuta wa ARPANET, akapendekeza kitu kidogo: muda ugawanywe vipande, na hakuna ruhusa ya kuanza katikati ya kipande. Uwezo ukapanda hadi asilimia 37. Mara mbili! Hawakuongeza mnara, hawakuongeza nguvu ya umeme. Walikubaliana lini kuanza. Kanuni hiyo ingali hai leo: modemu nyingi za VSAT zikiwashwa hubisha hodi kwa njia hiyohiyo.

Lakini kukubaliana lini kuanza ni rahisi mkiwa chumba kimoja. Setilaiti haiko umbali sawa na kila mtu. Tuseme iko juu ya Bahari ya Hindi, kwenye longitudo ya nyuzi 64 mashariki. Kituo cha Kinshasa kiko mbali nayo kuliko cha Mombasa kwa kilomita 1,800 hivi. Wakirusha kwa wakati mmoja, mawimbi ya Kinshasa yatafika setilaiti yamechelewa sehemu sita za elfu za sekunde. Kibinadamu si kitu. Kwa mfumo ambao nafasi kati ya zamu na zamu hupimwa kwa sehemu za milioni za sekunde, Kinshasa atakuwa amewaangukia majirani waliokuwa na zamu zao kihalali.

Kwa hiyo Kinshasa lazima aanze mapema, na Mombasa baadaye, ili wote wafike angani kwa zamu zao. Watajuaje? Kituo kikuu kinatuma mapigo ya saa yake ndani ya matangazo yake. Katika kiwango cha Ulaya kiitwacho DVB-RCS, kilichotoka mwaka 2000, ni saa ya mapigo milioni 27 kwa sekunde. Kila modemu inaisikiliza saa hiyo, inaachana na yake, kisha inapiga hesabu: mimi niko wapi, setilaiti iko wapi, basi nitangulie kwa kiasi gani. Halafu inabisha hodi katika kipande kipana kilichotengwa kwa wageni, na kituo kikuu kinaijibu: umewahi kidogo, rudi nyuma, au umechelewa, songa mbele. Baada ya hapo marekebisho hayakomi, maana setilaiti nayo haikomi kuyumba.

Ndiyo sababu fundi anapofunga VSAT anaulizwa latitudo na longitudo za mahali. Si udadisi wa kampuni. Mtu wa Dar es Salaam akiandika longitudo 35 badala ya 39, kwa setilaiti yetu ile amekosea umbali kwa zaidi ya kilomita 200, karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde kwa kupanda tu. Modemu itabisha hodi kwenye mlango usio wake. Na kuna kichekesho: akikosea kaskazini na kusini, akaandika latitudo ya Dar kama vile iko upande wa pili wa ikweta, pengine mambo yatakwenda bila shida! Setilaiti iko juu ya ikweta, kwa hiyo umbali wa kaskazini na wa kusini ni karibu uleule. Kosa linakaa miaka ndani ya modemu bila kuonekana, mpaka siku mtu atakapohitaji kukitafuta kituo hicho kwenye ramani na kujikuta anatazama upande mwingine wa ikweta.

Jambo lingine dogo kabla sijasonga. Yale mapigo milioni 10 kwa sekunde mara nyingi hupanda kwa waya uleule hadi kwenye kirushaji kilicho kwenye dishi, kile mafundi wanachokiita BUC. BUC isiposikia mapigo hayo, inanyamaza kwa makusudi, kwa sababu kurusha bila saa ni kuvuruga masafa ya watu wengine. Fundi asiyejua anasema BUC imekufa, anaagiza nyingine kwa dola. BUC haijafa. Inasubiri saa.

Je, saa kuu zenyewe zinatoka wapi siku hizi? Wengi wanachukua kwa GPS. Tunaijua GPS kwa ramani za simu, lakini kila setilaiti yake imebeba saa za atomu, na vipokezi vya bei ya kawaida vinatoa wakati mzuri ajabu. Ni neema, na ni utegemezi. Tarehe 26 Januari 2016, wakati setilaiti moja ya zamani ya GPS ikiondolewa kazini, taarifa yenye kosa ilitumwa, na setilaiti kadhaa zikatangaza wakati uliokosewa kwa sehemu 13 hivi za milioni ya sekunde. Hakuna aliyechelewa basi kwa kosa hilo. Lakini mitambo ya mawasiliano katika nchi mbalimbali ilipiga kengele za hatari kwa saa kadhaa, na redio ya dijitali ya BBC kule Uingereza ikasumbuka. Aliyekuwa na fuwele nzuri ya akiba, yenye kuweza kushikilia wakati peke yake kwa muda, alipita salama.

Mtasema: lakini sasa kuna setilaiti za chini, hizi za Starlink, zilizoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023. Zenyewe ziko kilomita 550 hivi tu juu, ule ucheleweshaji wa nusu sekunde umekwisha. Ni kweli. Lakini habari ya saa haijakwisha. Imekuwa ngumu zaidi, ila imefichwa. Setilaiti hizo zinapita kichwani kwa kasi ya zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, umbali unabadilika kila kufumba na kufumbua jicho, na dishi linahamishwa kutoka setilaiti hii kwenda nyingine kwa ratiba ya sekunde chache. Kazi yote ya kutangulia na kurudi nyuma inafanywa na kompyuta iliyomo ndani ya dishi, na mnunuzi haulizwi kitu. Vizuri kwa mnunuzi. Kwa fundi, sijui kama ni vizuri kuwa na kizazi kisichowahi kuiona menyu ya saa.

Na setilaiti za juu hazijaondoka. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima, na kila mwenye dishi la akiba alilikumbuka. Modemu iliyolala miezi imezimwa, fuwele yake imepoa. Ukiiwasha, ipe muda ipate joto kabla hujailaumu. Na swali ni lilelile: aliyeiweka mara ya mwisho, aliiambia ifuate saa ya nani?

Basi, ndugu zangu mafundi mlioko Kigoma, Lodwar, Bukavu na kwingineko, nina ombi. Chukueni karatasi mwandike: kituo hiki kinapata saa wapi, nani anaongoza, bafa ni ya ukubwa gani, latitudo na longitudo ni zipi, na nani apigiwe simu kabla ya kubadilisha chochote. Ibandikeni ndani ya mlango wa kabati la modemu. Nanyi wakubwa wa ofisi, mkiletewa karatasi ya kuidhinisha dishi jipya, msisaini kwanza. Ulizeni: laini inakatika ovyo, au inakatika kwa ratiba? Wakisema kwa ratiba, warudisheni chini kutoka paani, wakaitazame saa. Mkifanya hivyo wiki hii, tuandikieni hapa kituoni mtuambie mlichokikuta.